"Ni sensa tu hiyo": mliowahi kubadilisha sensa ya presha ya oili, tupeane uzoefu

Mkweche Wangu
Wakuu, salaam. Jana nilipewa lifti na jirani. Tumesimama, gari liko sailensa (injini inanguruma bila resi), naona kile kikopo chekundu, taa ya presha ya oili, kinakonyeza kwenye dashibodi. Nikamwuliza, akanijibu bila hata kukitazama: "Ni sensa tu hiyo." Tumbo likanikata, maana hayo maneno na mimi niliwahi kuyasema, tena kwa kujiamini vilevile.

Ya kwangu kwa bahati ilikuwa sensa kweli. Gari lina miaka 20 na ushee. Wiki mbili nilikuwa nalaumu gasketi ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), nafuta oili kila asubuhi, hadi siku nilipochomoa plagi ya sensa nikakuta imejaa oili ndani. Ilikuwa inapenya katikati ya sensa yenyewe na kupanda na waya. Kubadilisha ni kazi ya dakika 20, mimi ilinichukua Jumamosi nzima kwa sababu imejificha nyuma ya filta na mkono hauingii. Nimebaki na kovu hadi leo.

Haya, wenye magari ya kizamani. Yako ilikuwa sensa, au ulikuwa unajifariji?

Kijiti
Yangu sensa. Nashukuru Mungu.

Siti ya Nyuma
Na mimi. Kovu pia ninalo.

Fundi Mstaafu
Wanangu, kabla hujanunua sensa chomoa stiki ya oili uitazame. Nimewahi kuletewa gari limebadilishwa sensa mbili, na oili haigusi hata ncha ya stiki. Mwenye gari akaniambia hii ya tatu nimtafutie nzuri.

Halafu mjue, ile taa nyekundu haisemi oili inaelekea kupungua. Swichi nyingi huwasha taa presha ikishuka hadi 0.3 mpaka 0.5 bar hivi. Maana yake ikiwaka ukiwa unatembea, presha imeshakuwa kama hakuna. Zima injini hapo hapo, ubishi utafanyia pembeni.

Dada Boksi Spana
Mzee amesema kweli. Kwa walio na sensa ya waya mmoja ya kuwasha taa tu (si ile ya geji), kuna njia ya bure ya kuanzia. Funguo iwe on, injini haijawashwa: taa lazima iwake. Chomoa waya wa sensa: taa izimike. Ukigusisha ule waya kwenye bodi, iwake tena. Kama umechomoa na taa bado inawaka, basi waya umechunika mahali na unagusa athi (chuma cha gari), sensa haina kosa. Mimi nilinunua sensa bure kabla sijafundishwa hili. Iko kwenye droo, nimeitunza.

Kaka Mkubwa
Nilikuwa nimejiapiza sitaiandika hii, ila Mkweche amenichokoza.

Sensa yangu ilikuwa inavuja. Nikanunua mpya, nikaazima boksi refu (spana ya kuvisha juu ya sensa), nikaifunga mwenyewe. Kwa kuogopa isivuje tena nikaizungushia tepu ya mafundi bomba raundi tatu, nikakaza mpaka spana ikalia. Haikutoa hata tone. Nikajiona fundi.

Siku ya nne, saa nane usiku, dada yangu akashikwa uchungu. Yeye na mama nyuma, shemeji mbele, mimi usukani. Barabara tupu, giza. Taa ikawaka. Shemeji akasema, "Kaka, taa hiyo." Nikamjibu: "Shem, hiyo sensa mpya, bado haijatulia." Haijatulia! Kana kwamba ni kiatu, kinahitaji kuvaliwa kwanza. Huku nyuma dada analia, mama anasema ongeza mwendo mwanangu. Nikaongeza.

Hata dakika tatu sidhani zilifika. Ikaanza kugonga taratibu, ko, ko, ko, nikajidanganya ni barabara. Halafu ikapiga mara moja tu, kama nyundo kwenye bati, na usukani ukawa mzito mkononi. Konrodi (mkono wa pistoni) ilitokea ubavuni mwa bloku ya injini, tundu unapitisha ngumi. Oili ikamwagikia eksozi, moshi ukajaa, mama anapiga kelele "moto!", shemeji anamtoa mkewe mlango wa upande usio sahihi. Moto haukuwaka, ulikuwa moshi mtupu. Tukasimama kando ya barabara, dada ameegemea mti, hakuna anayemsemesha mwenzake. Lori likaja, likasimama. Yule dereva hakuuliza hata swali moja, alishuka akafungua mlango tu.

Tumefika hospitali, mtoto hakusubiri hata robo saa.

Baadaye fundi alinionyesha: kile kitako cha aluminiamu sensa inapoingia kilikuwa na ufa. Uzi wa kuskurubia wa ile sensa ni mwembamba mbele na mnene nyuma, unaingia kama kabari. Unavyozidi kukaza ndivyo unavyopasua. Mtetemo na joto vilimalizia nilichoanza mwenyewe.

Siti ya Nyuma
Mtoto wa kike au wa kiume?

Kijiti
Muiteni Presha.

Mama Pacha
Mnacheka, mimi nimesoma nimeshika mdomo. Dada anaendeleaje?

Kaka Mkubwa
Wa kike. Mzima, ana miaka sita, anasoma. Dada mzima. Shemeji hajawahi kunikumbusha hata siku moja, na hiyo ndiyo inaniuma.

Bishoo wa Kabureta
Hadithi tamu ila ina chumvi. Sensa ikikatika, waya hauna athi tena. Taa ingewakaje?

Kaka Mkubwa
Wapi nimeandika ilikatika? Kitako ndicho kilipasuka. Sensa ilikuwa imekaa mahali pake, inagusa chuma, presha imeshuka, taa ikawaka kama ilivyotakiwa. Taa ilifanya kazi yake. Mimi ndiye sikufanya yangu.

Dada Boksi Spana
Ila Bishoo umegusa jambo. Sensa ikikatika kabisa, au plagi ikichomoka, unaweza kumwaga oili yote na taa isiwake. Ndiyo maana ukiwasha funguo, iangalie kama inawaka kwanza. Kuna wauzaji wanaong'oa balbu wakupe dashibodi safi.

Bishoo wa Kabureta
Sawa, nafuta neno chumvi. Ila tepu haina kosa, naweka tepu miaka yote na sijawahi kuvuja.

Fundi Mstaafu
Tepu hapana. Sensa ya waya mmoja inachukua athi kwenye uzi wake.

Bishoo wa Kabureta
Mzee, kwa heshima, ukikaza uzi unaikata tepu, chuma kinagusa chuma. Taa yangu inawaka vizuri tu.

Fundi Mstaafu
Na hicho kipande kilichokatwa kinakwenda wapi? Kinaingia njia ya oili. Sensa nyingi mpya zinakuja na rangi ya kuziba imeshapakwa kwenye uzi, hiyo inatosha. Sikio la kufa.

Mama Pacha
Mimi naweka tepu kidogo, naacha nyuzi mbili za mbele wazi. Msinipige.

Dada Boksi Spana
Toyota nyingi za zamani ni boksi ya 24, uzi wa 1/8, na kukaza ni kama Nm 15 tu. Ni kidogo kuliko mkono unavyotaka. Anza kwa vidole, injini iwe imepoa, tambara chini. Oili haimwagwi, itatoka kidogo tu. Na usiishike kwa playa kwenye plastiki, itabaki nusu ndani.

Siti ya Nyuma
Nusu ndani ndiyo hadithi ya kovu langu. Siku nyingine.

Mkweche Wangu
Nimemsomea jirani habari ya Kaka Mkubwa, akanyamaza. Leo tumetoa sensa yake, tukafunga geji ya mkono mahali pake. Injini ikiwa baridi, sindano inasimama 4 bar. Ikipata moto, sailensa, inalala chini karibu na sifuri, ukipiga resi inapanda kidogo kwa uvivu. Kwa hiyo sensa ilikuwa inasema kweli muda wote. Anauliza, tukiweka oili nzito zaidi itanyamaza?

Fundi Mstaafu
Taa ndiyo itanyamaza. Mwambie afungue sampu (bakuli la oili chini ya injini), atazame chujio la pampu kama limeziba tope. Likiwa safi, ahamie kwenye beringi. Na asilitembeze.

Bishoo wa Kabureta
Oili nzito ilinisogeza mwaka mzima.

Fundi Mstaafu
Na baada ya mwaka?

Bishoo wa Kabureta
Niliuza.

Abiria
Samahani, sijasoma yote. Boksi ni namba ngapi?