Tupeane uzoefu: mwanafunzi ananakili aya, anadhani amefupisha

Kalamu Nyekundu
Walimu wenzangu, tuweke hapa mbinu za kufundisha wazo kuu, kueleza kwa maneno yako mwenyewe, na ufupisho. Ili tusizungumze hewani, tutumie aya hii moja:

"Wakazi wengi wa pwani huiona mikoko kama kuni na boriti tu. Hata hivyo, mizizi yake hushika matope yasichukuliwe na mawimbi, na samaki wachanga, kaa na kamba hujificha humo hadi wakue. Mikoko ikikatwa, ufuo humomonyoka na wavuvi hurudi na nyavu tupu."

Ni maneno 40. Naanza na mada dhidi ya wazo kuu. Mada ni neno au fungu la maneno: mikoko. Wazo kuu ni sentensi kamili yenye kitenzi. Uliza maswali mawili kwa mfuatano huu: aya inahusu nini? Inasema nini juu ya hicho? Anayejibu "umuhimu wa mikoko" bado yuko kwenye mada, hajasema umuhimu wenyewe ni upi. Mrudishe hadi atoe kitenzi.

Mwalimu wa Zamu
Kwenye aya hiyo wengi watadaka sentensi ya kwanza, maana wamekaririshwa kwamba wazo kuu hukaa mwanzoni. Hapa sentensi ya kwanza imewekwa ili ipingwe. Kabla ya kusoma kwa makini, wazungushie duara "hata hivyo", "lakini", "bali" na "kumbe". Mara nyingi mwandishi husimama upande wa pili wa neno hilo.

Methali nazo ni mtego uleule. Kifungu kikifunguliwa kwa "Usipoziba ufa utajenga ukuta", nusu ya darasa wataandika methali.

Kuna kipimo cha kidole: funika sentensi moja moja. Ukifunika yenye wazo kuu, zilizobaki hukosa kinachozishika pamoja. Kwenye aya ya mikoko hutapata sentensi ya namna hiyo, kwa hiyo mwanafunzi lazima aunde yake: "Mikoko hulinda ufuo na riziki ya wavuvi."

Ubao Mweusi
Kueleza kwa maneno yako ndiko kugumu zaidi, kwa sababu wanafunzi hudhani ni kubadilisha visawe. Hapo ndipo "kaa na kamba" inapozaa "kaa na ugwe". Usicheke, mantiki yake ni hiyohiyo ya kubadili neno bila kujua linataja nini. Majina ya vitu, istilahi na tarakimu hayabadilishwi. Kinachobadilika ni muundo wa sentensi.

Mfanye aanze na kitu kingine. Asilia imeanza na mizizi, yeye aanze na mawimbi: "Mawimbi hayawezi kuzoa matope kwa kuwa mizizi imeyashika, humohumo samaki, kaa na kamba wachanga hupata maficho."

Angalia na upatanisho. Akibadili "ugonjwa huu umeenea" kuwa "maradhi", mara nyingi huandika "maradhi huu umeenea". Mwambie ukigusa nomino, pitia kila kiambishi kinachoifuata hadi kwenye nukta.

Kidato cha Pili B
Mwalimu, asilia inasema "samaki wachanga, kaa na kamba". Wewe umewapa uchanga wote watatu. Hilo si kubadili maana?

Ubao Mweusi
"Hadi wakue" inawahusu wote watatu, ndiyo maana "wachanga" nimelitumia kwa wote. Lakini swali lako ndilo la kuuliza darasani. Wabadilishane daftari, kila mmoja amuoneshe mwenzake mahali maana ilipopanuka au kupungua.

Nakala Chafu
Kwa Kenya, karatasi ya 102/2 (Kiswahili, karatasi ya pili ya mtihani wa KCSE wa kumaliza kidato cha nne) huupa ufupisho alama 15, na utiririko, yaani hoja kuunganika vizuri, una alama zake humo. Hoja zilizopangwa kama orodha ya duka hukosa hizo hata zikiwa sahihi.

Utaratibu wa kipindi cha dakika 40: kusoma mara ya kwanza bila kalamu mkononi. Mara ya pili, aandike pembeni maneno yasiyozidi sita kwa kila aya. Kisha kifungu kifunikwe, na nakala chafu iandikwe kutokana na vidokezo pekee. Hatua hii usiiruke hata muda ukibana, kwa sababu jicho likiona sentensi ya mwandishi, mkono huinakili. Afunue baadaye, ahakiki majina na tarakimu. Akikuta maneno matano mfululizo yanafanana na ya kifungu, aunde sentensi upya.

Mwalimu wa Zamu
Idadi ya maneno ifuate swali. Swali lisipotaja, kawaida ni theluthi moja ya asilia. Theluthi ya 40 ni kama 13: "Mikoko huzuia mmomonyoko wa ufuo na hulea viumbe wa baharini wanaotegemewa na wavuvi." Hesabuni, ni 13 kamili. "Na" na "wa" ni maneno, wanafunzi huyaruka wakihesabu kisha wanazidisha.

Kiswahili chenyewe kinasaidia kubana. "Watu ambao walikamatwa" ni maneno matatu, "waliokamatwa" ni moja. "Changu, tasi na pono" wawe "samaki". Mazungumzo yageuzwe taarifa: "Nitakuja kesho," alisema, iwe alisema kwamba angekuja siku iliyofuata. Wengi hukumbuka nafsi na kusahau "kesho".

Kidato cha Pili B
Na wale wanaomalizia na "hivyo basi sote tupande mikoko"?

Nakala Chafu
Hiyo haimo kwenye kifungu. Pigia mstari, na umuulize aoneshe sentensi aliyoitoa.