Tupeane uzoefu: Wenye gari za mbio Mbeya, Iringa na Njombe, mwaka wa pili unakuwaje?

Mwana Uyole (mleta mada)

Wakuu, habari za majukumu.

Gari ya mbio ikiegeshwa Kabwe jioni, vijana wanaizunguka, simu zinatoka, picha zinapigwa, na swali ni lilelile: "Kaka, hii bei gani?" Sijawahi kusikia mtu akiuliza mwaka wa pili unakuwaje. Mada hii ni ya huo mwaka wa pili. Wenye Impreza, Evo, Altezza RS, Legacy za turbo, Skyline na jamii yake yote, mnaoishi huku kwenye miinuko, leteni uzoefu halisi. Ya Dar na Arusha tumeshayasikia sana.

Naanza mimi. Nina Impreza WRX STI ya gia za mkono, injini EJ207, cc 1,994, turbo. Bei ya Japani ndiyo sehemu nyepesi ya safari. Ukifika TRA kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kuna ushuru wa bidhaa kulingana na cc, kuna ushuru wa uchakavu ambao gari ikivuka miaka 10 ni asilimia 30, na STI nyingi tunazozimudu sisi zimeshavuka. VAT asilimia 18 inakuja mwisho, inapigwa juu ya jumla ya hayo yote. Piga hesabu kabla hujalipa muuzaji, usipige meli ikiwa imeshatia nanga.

Mafuta sasa. Mfuniko wa tenki langu una kibandiko cha Kijapani kinachotaka petroli ya oktani ya juu. Kwao hiyo inaanzia 96, na vituo vingi vinauza iliyokaribia 100. Huku kituo kina petroli ya aina moja, unachukua iliyopo. Na bei: EWURA wakitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mbeya lazima iwe juu ya Dar, kwa sababu lori la mafuta limetembea zaidi ya kilomita 800 kutufikia. Mjini gari yangu haivuki kilomita 7 kwa lita, na hapo naendesha kwa adabu.

Lakini kinachoniumiza kuliko hela ni barabara. Hii TANZAM yetu, barabara kuu ya kwenda Zambia, ni nyuma ya lori mpaka uchoke. Ukipanda Mlima Nyoka umebanwa na semitrela mbili, gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza. Impreza intakula yake (kipoza hewa inayotoka kwenye turbo) imekaa juu ya injini, inapoa kwa upepo unaoingia kwenye ule mdomo wa boneti. Mwendo wa kutembea kwa miguu hauleti upepo. Joto la injini linapanda juu, hewa inayoingia kwenye silinda inakuwa ya moto, na siku nafasi ya kupita inapopatikana unakanyaga, gari inaitika nusu. Unaambiwa una gari ya mbio na Noah ya abiria inakupita.

Karibuni.

RS wa Ilomba

Mkuu, umegusa penyewe. Mimi nina Altezza RS200, injini ya 3S-GE Beams, gia sita za mkono, haina turbo. Kiwandani ni farasi 210. Sasa Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya hapa presha yake ni kama asilimia 82 ya ile ya Dar. Injini isiyo na turbo haina pa kuifidia. Maana yake umelipia farasi 210 na unaendesha kama 170. Niliinunua Dar, nikaijaribu Dar, nikaipenda Dar. Ilipofika Mbeya nikampelekea fundi nikidhani koili zimekufa, kumbe gari ni nzima kabisa.

Shida ya pili ni spea. Altezza nyingi nchini ni za injini ya 1G, spea zake zimejaa hata Mwanjelwa. Ukitaja Beams, muuza duka anakuangalia tu. Nilitafuta valvu ya oili ya VVT-i (mfumo unaobadili muda wa valvu kufunguka) miezi, gari imesimama, mwishowe ikaja kutoka Dubai kwa mkono wa mtu.

Dada Gangilonga

Habari zenu. Mimi niko Iringa, nina Lancer Evolution IX. Naipenda hii gari na siiuzi, ila nitasema ukweli wote.

Kwanza, spea. Iringa hakuna duka la Evo. Unapiga simu Kariakoo, unatuma picha, unatuma hela, kifurushi kinapakiwa kwenye basi la usiku, unakwenda kukichukua stendi ya Igumbilo. Ukikifungua ndipo unapojua umepata au umekosa. Niliagiza diski za breki za mbele, nikaletewa za Lancer ya kawaida. Nampigia muuzaji ananiambia, "Dada, Lancer ni Lancer." Siyo kweli! Evo IX inatumia breki za Brembo, piston nne mbele, diski kubwa. Zile alizoleta zilikuwa zinacheza humo ndani. Nauli ya kurudisha ikawa juu yangu.

Na breki huku siyo kitu cha kuahirisha, maana mimi nashuka Kitonga mara kwa mara kwenda Morogoro kikazi. Wanaoijua Kitonga wanajua: malori yamepangana, mengine yameharibika kwenye kona, wewe uko juu ya breki kuanzia juu mpaka karibu na Ruaha Mbuyuni. Nashusha kwa gia, gia ya pili inafanya kazi kubwa, lakini foleni inaposimama huna namna. Ukifika chini unasikia harufu ya pedi zilizoungua. Seti ya pedi za mbele peke yake ilinitoka laki nne na ushee, na hizo ndizo nilizopata, siyo nilizozitaka.

Pili, kuna taa ya AYC. Huo ni mfumo unaogawa nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, una pampu yake. Gari ya umri huu, iliyopitia chumvi ya theluji huko ilikotoka, pampu huwa inaoza. Fundi aliniambia, "Hiyo taa ichomoe balbu, gari si inatembea?" Sikuelewana naye. Nimenunua Evo kwa sababu ya kile kifaa, halafu nikae nacho kimekufa?

Na tatu, wanaume mtanisamehe, hili nalisema kwa uchungu. Nikipeleka gari gereji naambiwa, "Mwambie shemeji aje mwenyewe tuongee." Gari ni yangu, kadi ina jina langu, naijua injini yake kuliko huyo anayeniambia hivyo. Mpaka leo nina fundi mmoja tu Ipogolo anayenisikiliza nikieleza mlio ninaousikia, na siku akisafiri, gari inamsubiri.

Igawa Moja

Niliuza. Sasa hivi naendesha Hilux na nalala usingizi.

Fundi wa Soweto

Wakuu, mimi ni fundi, Subaru za turbo ndizo zinaniweka mjini. Ngoja niseme yanayonitesa roho, kwa sababu gari hizi zinakufa kwa vitu vidogo.

Kwenye Subaru hizi, bomba la oili linalopanda kwenye turbo limefungwa kwa bolti yenye tundu katikati. Ndani ya ile bolti kuna kichujio cha wavu, kidogo kama chujio la chai la kuchezea watoto. Oili ikikaa muda mrefu inaganda, wavu unaziba. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na inachoelea juu yake ni oili tu. Ikikosa, imekwisha. Analetwa mtu kwangu anasema turbo inapiga mluzi, tayari kashapewa bei ya turbo ya mtumba. Nafungua bolti, nainua juani: haupenyi mwanga hata kidogo. Ukifunga turbo nyingine bila kugusa ile bolti, nayo inakufa. Nimekuta gari iliyobadilishwa turbo na bolti ina uchafu wa tangu Japani.

Oili ni kila kilomita 5,000, msinibishie. Na acheni 20W-50 ya kila gari. Fundi anaimimina kwa sababu ndiyo iko dukani na ni bei nafuu. Turbo hizi zinataka nyepesi, 5W-30 au 5W-40 kulingana na kitabu cha gari, oili halisi ya sinthetiki.

Plagi. Silinda za Subaru zimelala, kwa hiyo plagi zinatazama pembeni, kwenye chesisi. Upande mmoja natoa betri na tangi la maji ya waipa, upande mwingine natoa nyumba ya chujio la hewa, ndipo mkono unapita. Ukisikia fundi anakutajia bei ya Vitz kwa kazi hii, hajawahi kuifanya.

Nimjibu RS wa Ilomba hapo juu: turbo ndiyo, huku inafidia hewa nyepesi, lakini inafidia kwa kuzunguka zaidi, na hewa inatoka ya moto zaidi. Injini isiyo na turbo huku mlimani inapoteza nguvu ila haigongi (mafuta kulipuka ovyo ndani ya silinda) kirahisi. Yenye turbo inabaki na nguvu, na hatari ya kugonga inabaki nayo, hasa kwa hii petroli. Ndiyo maana nakataa mtu akiniambia nimwongezee "bust", yaani presha ya turbo.

Njombe Baridi

Fundi kasema kweli tupu kuhusu oili. Njombe mwezi wa sita na wa saba asubuhi kuna umande uliogandia kwenye kioo. Nina Legacy ya turbo. Nawasha, naiacha mpaka sindano ya joto ianze kunyanyuka, natoka taratibu, sikanyagi mpaka nimefika lami kubwa. Jirani hafurahii ule mlio saa kumi na moja alfajiri, namwelewa, nimemrudishia bomba la kiwandani kwa ajili yake.

Gharama ambayo sijaona ikitajwa ni gari ya pili. Huwezi kuishi huku na Legacy peke yake. Shambani haifiki, mvua zikianza haitoki nyumbani, msiba ukiwa kijijini unaazima. Kwa hiyo kuna pikapu, nayo ina matairi yake, bima yake, oili yake. Hesabuni na hiyo.

Na matuta! Makambako hadi Mafinga nayajua kwa majina. Tuta kubwa napanda mshazari, gurudumu moja moja, naegemea dirishani nasikiliza. Ukisikia ule mkwaruzo wa bampa ya chini unaumia mwilini. Nyuma lori linapiga honi.

Mzee wa Forest

Kwa upande wa bima. Ndogo ni shilingi 118,000, haina maneno. Kubwa nilikataliwa na kampuni moja kwa sababu ya umri wa gari, nyingine ikataka kuithamini kama sedani yoyote ya mwaka ule. Gari ikipata ajali unalipwa thamani ya Impreza ya kawaida wakati bei ya injini tu ya turbo inaizidi. Niligombana nao mpaka wakakubali tathmini iliyoandikwa modeli kamili na hali ya injini. Msisaini kabla hamjasoma mstari wa thamani.

Tochi nayo ni 30,000 kila kosa, na vijiji vya mwisho kilomita 50 kwa saa vimefuatana kuanzia Igurusi mpaka Chimala. Hapo nawaunga mkono askari, watoto wanavuka barabara ile kwenda shule.

Kijana Mafinga

Shikamooni wakubwa. Nimefuata mada yote. Kuna STI iko Dar, muuzaji anasema haina tatizo lolote, anataka hela ya haraka. Nimejikusanya bei yake kamili. Nifanyeje?

Mwana Uyole (mleta mada)

Marahaba mdogo wangu. Kama ulicho nacho ni bei yake kamili, bado hujafika. Kabla ya kuiendesha utataka bima, oili, plagi, mkanda wa taimingi (ukikaribia kilomita 100,000 unabadilishwa, usisubiri ukatike), matairi manne, na nauli ya mafuta kuja nayo. Subiri mpaka uwe na hizo pembeni.

Fundi wa Soweto

Naongezea. Mwambie muuzaji unakuja asubuhi na asiiwashe kabla hujafika. Ukifika gusa boneti kwanza, iwe ya baridi. Iwashe mwenyewe, usikilize ule mwanzo wake, kisha angalia moshi nyuma: wa bluu ni oili inaungua. Chomoa dipstiki uone oili imefika wapi. Halafu nenda na fundi mwenye kipimo cha kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), apime silinda zote nne, na akuandikie namba. Silinda moja ikiwa chini ya wenzake, usiichukue hata akipunguza bei. Muuzaji akikataa kupimwa, panda basi urudi Mafinga. Na tuwekee picha hapa, za chini ya gari, siyo za bawa.