Uzi wa Azpilicueta: taja mechi na kilichotokea, sifa tuwaachie magazeti

Mkabaji Namba Tatu
Wakuu, siku hizi kila kijana wa mguu wa kulia akikosa namba anatupwa beki ya kushoto, akipitwa anatukanwa. Tumrudie César Azpilicueta, beki Mhispania wa mguu wa kulia. Osasuna, Marseille, Chelsea mechi 508, Atlético Madrid, Sevilla. Kila mtu alete mechi moja au msimu mmoja, na aeleze kilichofanyika.

Naanza na 2013/14. Kocha wa Chelsea, Mourinho, anamweka benchi Ashley Cole, namba tatu (beki ya kushoto) anapewa mtu wa mguu wa kulia. Winga wa kulia wa mpinzani akiwa anatumia kushoto, lazima atataka kukata ndani. Akikata anakutana na mguu ule ule wenye nguvu wa Azpilicueta, tena bila beki kugeuka. Alikuwa anakaa upande wa chaki, yaani mstari wa pembeni, mguu wa kushoto mbele, kifua kimefunguka kuelekea ndani, anamwalika winga aingie kwa Matić, kiungo wa ukabaji.

Chaki Nyeupe
Kweli kabisa.

Mwalimu wa Mchangani
Msiwapoteze vijana. Beki hamwaliki winga ndani hata siku moja, ndani ndiko kuna goli! Mguu wa kulia mbele, mfungie njia ya kati, mwache akimbilie kibendera apige krosi kwa mguu wake mbovu.

Mkabaji Namba Tatu
Mwalimu, unachosema kinafaa kama kiungo wa ukabaji hayupo karibu. Chelsea ile alikuwepo.

Mwalimu wa Mchangani
Na siku hayupo?

Darajani Damu
Mnasahau hasara yake upande wa mpira. Akipokea pasi kutoka kwa beki wa kati Terry anaufungua kwa kulia, mwili unaangalia katikati, mpinzani anambana kutokea ndani na njia ya pembeni imeshafungwa na mwili wake mwenyewe. Ndiyo maana Hazard, winga wa kushoto, alilazimika kushuka kuufuata mpira. Na kwa Hazard kutokaba ndiyo tukatolewa nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa na Atlético, 1-3 pale pale Darajani, uwanja wetu Stamford Bridge. Beki wao wa kulia Juanfran alipita upande wa Azpilicueta kama njia yake.

Mzee wa Kona
Hapo umechanganya mafaili, mkuu. Tarehe 30 Aprili 2014 namba tatu alikuwa Ashley Cole. Azpilicueta alipangwa mbele, kiungo wa kulia, na bao la Torres alilitengeneza yeye baada ya Willian kuwachezea watu kwenye kibendera. Juanfran kumkimbia Hazard hilo ni kweli, Adrián akasawazisha kabla ya mapumziko. Lakini msibebeshe mtu msalaba wa mwenzake.

Darajani Damu
Sawa, Cole. Hoja ya Hazard iko pale pale.

Mzee wa Kona
Hoja ya Hazard fungulia uzi wake.

Goti Halidanganyi
Kabla ya Chelsea kuna Marseille, watu wanaruka. Alinunuliwa 2010, Novemba mwaka huo huo ligamenti ya mbele ya goti ikakatika. Kwa beki wa pembeni hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu kazi yake ni kufunga breki ghafla na kugeuka. Wachezaji wanakosea wapi? Maumivu yakiisha wanadhani wamepona. Kwanza goti linyooke lote na uvimbe uishe, kisha paja lirudishiwe nguvu hadi likaribie la mguu mzima, kisha kuruka na kutua kwa mguu mmoja, mwisho kabisa kukata kona kwa kasi. Yeye alirudi, akachukua Kombe la Ligi la Ufaransa 2011 na 2012, Chelsea wakamchukua Agosti 2012.

Chaki Nyeupe
Mimi ya goti siwezi hata kuiangalia marudio.

Bodi ya Mbinu
3-4-3 ya kocha Conte, Chelsea 2016/17. Arsenal wanatupiga 3-0 Septemba 2016, mechi iliyofuata na Hull mfumo umebadilika, Azpilicueta beki wa kati wa kulia akiwa na urefu wa mita 1.78. Zikaja ushindi 13 mfululizo, na msimu mzima wa ligi hakukosa hata dakika moja. Kazi yake: Moses wa pembeni kulia akipanda, yeye anateleza kuziba nafasi iliyobaki nyuma yake, David Luiz anasogea, Alonso wa pembeni kushoto anashuka, nyuma mnakuwa wanne. Msimu uliofuata akawa anapandisha mpira hadi karibu mita 30 au 35 kutoka goli, anapiga krosi ya mapema kabla mabeki hawajajipanga, inashuka kati yao na kipa. Mshambuliaji Morata alifunga vichwa vya hivyo na Manchester United, Leicester, Brighton.

Mzee wa Kona
Na sumu yake ni Januari 4, 2017, Tottenham. Eriksen anapiga krosi kwenda nguzo ya mbali, Dele Alli anaruka kati ya Azpilicueta na Moses, mabao mawili yanafanana kama pacha. Wala hakuruka vibaya. Kama aliyekuja juu yako ameanza kukimbia na wewe umesimama, sentimita zako hazikusaidii. Ilitakiwa kumgusa mapema, kumvurugia hatua kabla hajaruka.

Mwalimu wa Mchangani
Kumgusa mapema ndani ya boksi? Penalti hiyo.

Mzee wa Kona
Kifua, mwalimu. Mikono chini.

Mtazamaji Kimya
Mmepita kwenye mechi zote mmeacha ya Abu Dhabi. Tarehe 12 Februari 2022, fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia, Palmeiras ya Brazil, muda wa nyongeza, 1-1. Shuti la Azpilicueta linamgonga beki wao Luan mkononi, VAR (mwamuzi wa video), penalti. Azpilicueta anakumbatia mpira, anasimama kwenye nukta. Wabrazil wanamzunguka, wanamsemesha, kila mtu anajua mpigaji ni nahodha. Fujo ikiisha anamkabidhi Havertz ambaye hakuna aliyemgusa. Bao, 2-1, dakika ya 117. Kombe kubwa la mwisho alilokuwa hajalichukua na Chelsea.

Chaki Nyeupe
Hii nimesimama kuisoma 😂

Darajani Damu
Akili kubwa. Kila timu iige.

Bodi ya Mbinu
Ukiiga, mpigaji halisi akae mbali, mgongo kwa kipa, asiuguse mpira mpaka mwamuzi ameshawatoa watu kwenye boksi. Na mkubaliane kabla.

Mwalimu wa Mchangani
Na Mei mwaka huo huo, fainali ya Kombe la FA na Liverpool, kwenye matuta akapiga mwenyewe. Nguzo. 😂😂

Darajani Damu
Mount naye alikosa, mbona humtaji?

Mwalimu wa Mchangani
Uzi wa Mount fungua wako.

Goti Halidanganyi
Southampton, Februari 2023, ndiyo inayostahili kusomwa na kila kocha. Anainamia mpira kwa kichwa, mshambuliaji anajaribu tikitaka, kiatu kinampata kichwani. Alitibiwa uwanjani muda mrefu, akatolewa kwa machela, akaenda hospitali. Ikitokea kwenu: usimkalishe, usimpe maji. Mtu mmoja ashike kichwa na shingo visisogee, mwingine aangalie pumzi. Akizinduka akasema yuko fresh, bado anatoka, maana mtikisiko wa ubongo hufanya mtu ajione mzima.

Mkabaji Namba Tatu
Bado Ajax 4-4, Novemba 2019. Tuko nyuma 4-1, yeye anasukuma la pili kwenye mstari.

Mzee wa Kona
Na bao la tano la Chelsea, alilofunga yeye, likafutwa na VAR, mkono wa mwenzake Abraham.

Darajani Damu
Mkono gani? Ulikuwa umebana ubavuni!

Mwalimu wa Mchangani
Ulikuwa mkono. Lala.