Tupeane uzoefu: babu na bibi zako walianzaje kumchoka Mwingereza? (Iringa, Njombe, Mbeya, Rungwe)

Mjukuu wa Kalenga (mleta mada)

Kamwene ndugu zangu.

Kila ikikaribia Desemba 9 tunasikia habari za Dar es Salaam, Tabora na Umoja wa Mataifa. Ni haki yake. Lakini mimi nimelelewa na bibi, Kalenga, na kwa bibi habari ya uhuru haikuanzia kwenye mkutano wa siasa. Ilianzia kwenye kodi ya kichwa.

Alikuwa na miaka kama saba, katikati ya miaka ya 1930. Tarishi wa boma walipoonekana bondeni, baba yake alitokea uani akalala porini siku tatu. Walipomkosa walifungua mbuzi wawili wakaondoka nao. Walipomkamata baadaye, alilipia deni kwa jembe, barabarani. Bibi alikuwa akinisimulia huku akichambua mboga, na kila mara alifika mahali palepale akanyamaza: baba yake aliporudi hakutaka kula mbele ya watoto. Bibi hakumlilia mbuzi hata siku moja. Alililia ile aibu ya baba.

Halafu Juni 19, 1954. Wahehe wa humu mnaijua. Gavana Twining alikuja Kalenga kumkabidhi Chifu Adam Sapi fuvu la babu yake, Mtwa Mkwawa, aliyejipiga risasi mwaka 1898 ili Mjerumani asimpate hai. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliwataka Wajerumani walirudishe, na ikapita miaka 35 hadi liliporudi, baada ya Twining kwenda mwenyewe Bremen kulitafuta makumbusho. Bibi alikuwepo, na mtoto mgongoni. Anasema watu walilia kweli, na shukrani ilikuwepo, hilo hakuwahi kulificha. Serikali ilitaka Wahehe wawe karibu nayo. Ila njiani kurudi nyumbani wazee walikuwa na hesabu nyingine: Mjerumani alikuwa na nguvu kuliko hawa, akaondoka, na kichwa alichokichukua kimerudi. Basi na huyu naye ana siku yake.

Siku 18 baadaye, Julai 7, TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika, ikageuzwa kuwa TANU. Pale Kalenga hakuna aliyejua siku hiyo. Lakini mimi kila nikizihesabu hizo siku 18 mwili unasisimka.

Karibuni. Nataka ya nyumbani kwenu, yale ambayo hatukusomeshwa darasani.

Ndaga, Tukuyu

Mkuu, umenigusa. Kwetu Rungwe hasira nyingine ilirudi na watu kutoka machimboni.

Baba mkubwa wa mzee wangu alikuwa Kopabeti, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), mwaka 1935 wachimbaji walipogoma kwa sababu ya kodi kupandishwa. Pale Luanshya watu sita walipigwa risasi wakafa. Alirudi Tukuyu na baiskeli, mablanketi na hiyo habari. Baiskeli iliisha, habari haikuisha. Sisi watoto alituambia kwamba kilichomshangaza si risasi. Ni kuona Mbemba, Mnyasa na Mnyakyusa, watu ambao jioni hawakuweza hata kutaniana vizuri kwa lugha, asubuhi wote wamekaa chini hawaendi kazini. Alisema, "Nyumbani kila mtu alikuwa akimkimbia mtoza kodi peke yake."

Sentensi hiyo naibeba mpaka leo. Miaka ya hamsini watu wa TANU walipopita kijijini kwetu hawakumfundisha kitu. Aliwauliza jambo moja tu: kadi zinapatikana wapi?

Mzawa wa Ifunda

Yangu fupi. Wakati wa vita kuu ya pili waliletwa wakimbizi wa Kipolandi, wakawekewa kambi Ifunda (na nyingine Kidugala). Babu yangu alikuwa akiwapelekea kuni. Kwa mara ya kwanza akaona mzungu anafua nguo zake mwenyewe, mzungu anapanga foleni ya chakula, mama wa kizungu analia kwa kufiwa kama mama yeyote. Alisema tangu siku hiyo hakuweza tena kumuogopa Bwana Disii (DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni) kama zamani. Aliwahurumia sana wale watu, na huruma hiyo ndiyo iliyomtoa woga.

Mjukuu wa Jumbe

Nimesita kuandika. Babu yangu ndiye aliyekuwa akija na hao matarishi.

Tangu sheria ya 1926 ya Gavana Cameron, Mwingereza alitawala kupitia machifu na majumbe. Maana yake ni kwamba sura ya kodi haikuwa ya mzungu. Ilikuwa sura ya babu yangu. Boma likitaka kodi, anatumwa yeye. Likitaka vibarua, yeye. Amri ya kupeleka ng'ombe kwenye josho ikaja, na watu hawataki kwa sababu wanaamini dawa inaua mifugo na tena wanadaiwa hela, anayesimama mlangoni ni yeye. Asipopeleka watu, yeye ndiye anayeitwa bomani na kukaripiwa kama mtoto.

Baba yangu alipigwa na wenzake shuleni kwa ajili hiyo. Uchifu ulipofutwa mwaka 1963 babu alikabidhi vitu vya serikali, akalala usingizi mzito. Nyanya alisema ulikuwa usingizi wake wa kwanza mzuri baada ya miaka mingi. Sijui kama hii inaingia kwenye mada.

Mjukuu wa Kalenga (mleta mada)

@Mjukuu wa Jumbe, inaingia ndugu yangu, tena katikati kabisa. Asante kwa kuileta. Bibi hakuwahi kumtaja jumbe kwa jina, na nadhani alifanya hivyo makusudi, kwa kuwa wajukuu wake na wajukuu wa jumbe tungecheza pamoja.

Binti Mbeya

Babu yangu mzaa mama alikuwa karani wa serikali Mbeya mjini. Kuanzia 1953 waraka wa serikali uliwakataza watumishi kujiunga na chama cha siasa, kwa hiyo TANU kwake ilikuwa ama kazi ama kadi. Alikuwa na watoto watano.

Bibi ndiye aliyekata kadi. Hakumwomba ruhusa, naye babu hakuuliza. Jioni babu alisoma gazeti kwa sauti, kwa kisingizio kwamba macho ya bibi yanauma, na bibi asubuhi akayapeleka sokoni yale aliyoyasikia, pamoja na ndizi zake. Akina mama wa soko walijua mambo ya baraza la Umoja wa Mataifa kabla ya makarani wengi. Watu wakitaja mashujaa wa uhuru nawakumbuka hawa, waliokuwa wakifunga sarafu za chama kwenye ncha ya khanga.

Septemba 1958 mkoa wetu wa Nyanda za Juu Kusini ulikuwa miongoni mwa iliyopiga kura kwanza, ile kura tatu: Mwafrika, Mzungu, Mhindi, na lazima uwachague wote watatu. Kujiandikisha ilitakiwa uwe na elimu ya darasa la nane, au kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au cheo kinachotambuliwa. Babu akaandikishwa. Bibi mwenye kadi akakosa. Alimsindikiza mpaka kituoni, akasimama nje, na babu alipotoka akamwambia, "Nimepiga yako." Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, akiwemo John Mwakangale.

Askari Mstaafu

Mzee wangu alikuwa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza, akafika Burma wakati wa vita kuu ya pili. Aliporudi alipewa suti na akarudishwa kulipa kodi. Sina la kuongeza.

Mjukuu wa Manamba, Njombe

Nimesoma yote, nimelia kidogo.

Sisi Wabena na jirani zetu Wakinga tulikuwa ghala la vibarua. Baada ya vita SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kutafuta vibarua, ilikuwa ikipeleka malori kukusanya vijana kwenda kukata mkonge Morogoro na Tanga. Unapewa namba, ndiyo maana wakaitwa manamba. Unapewa na kipande: kila siku uliyomaliza kazi unawekewa alama, alama 30 zikitimia ndipo unalipwa. Ukiugua, siku hiyo haipo.

Babu alikwenda kijana, akitafuta hela ya kodi na ya mahari. Akiwa kwenye kipande chake cha mwisho alishikwa na malaria. Alipopata nafuu kidogo hakurudi mashambani. Alitoroka akatembea kwa miguu, akafika Njombe amekonda hata mama yake akamuuliza yeye ni nani. Desemba 1961 wenzake walikesha wakicheza ngoma. Yeye alikaa kwenye kigoda mlangoni, ameshika kile kipande, akiwaonyesha vijana waliokuwa wakipita.

Tunacho bado, kwenye bati la biskuti pamoja na kadi yake ya TANU. Kina alama 27.