Laptopu inagoma kupigwa Windows, haioni diski

Mdau wa Shangani, Mtwara: Wakuu, laptopu ya Intel kizazi cha 11 inagoma kupigwa Windows 10. Flashi inasoma, ila kwenye kuchagua diski orodha ni tupu. BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka) inaiona SSD, yaani diski yenyewe. Imekufa?

Fundi Mikindani: Haijafa mkuu, usinunue nyingine! Kuanzia kizazi hicho mashine nyingi huja VMD (mfumo wa Intel wa kusimamia diski za SSD) ikiwa imewashwa, na flashi ya Windows 10 haina draiva yake, yaani programu ya kuiendesha. Pakua draiva hiyo, inaitwa Intel RST, kwenye tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, ifumue (extract) mpaka upate faili za .inf (ile ya .exe haisomeki pale), nakili kwenye flashi hiyohiyo, kisha bonyeza "Load driver". Diski itatokea.

Mdau wa Lindi: Au zima VMD kwenye BIOS, ni haraka zaidi. Ila Windows ya zamani itagoma kuwaka, na kama ina BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga data za diski) itadai ufunguo wa tarakimu 48. Kama kuna data za mtu, ziokoe kwanza, tafadhali.

Fundi Mikindani: Sawa kabisa. Ikileta kosa la GPT (mpangilio wa sehemu za diski), tengeneza flashi upya kwa programu ya Rufus: chagua GPT, na UEFI (njia mpya ya kuwasha mashine).