Tulilipia matriksi, tukawekewa splita, na viziwi wa kanisa letu Kisumu ndio walioachwa nje

Wadau, leo sina salamu ndefu. Nimetoka kanisani na hata chakula kimekataa kushuka. Niko kwenye timu ya mitambo ya kanisa moja hapa Kisumu, upande wa Kondele, mwaka wa saba sasa, kwa kujitolea. Sitataja kanisa wala jamaa waliotufanyia kazi, kwa sababu jambo hili huenda likafika kortini. Lakini lazima nilitoe mahali, maana kwenye kikao cha wazee nimeambiwa ninyamaze, tuombe.

Ukumbi wetu ni mrefu, kama mita 40 kutoka madhabahuni hadi mlango mkubwa, una nguzo nne katikati na roshani nyuma. Ukikaa nyuma ya nguzo unasikia tu, huoni kitu. Ndiyo maana mwaka jana tulifanya harambee ya skrini. Kina mama walichanga kwenye vyama vyao, vijana wakaosha magari Jumamosi tatu mfululizo, mzee mmoja wa Mamboleo akauza ndama. Zikafika shilingi 640,000. Hizo si pesa za mfadhili. Ni za watu ninaowajua kwa sura, wengine wao wanauza omena.

Skrini ziko saba. Projekta mbili mbele, kulia na kushoto. Tivi moja chini inayomwelekea mhubiri. Mbili chini ya roshani, moja kwenye chumba cha kina mama wenye watoto wachanga, na moja hemani nje kwa wanaokosa nafasi ndani.

Sasa nisomeni polepole, maana uchungu wote uko hapa. Skrini hizo hazikukusudiwa kuonyesha kitu kimoja. Projekta ya kulia ni ya maneno ya nyimbo na Maandiko. Tivi ya mhubiri inaonyesha maneno pamoja na saa. Hemani na kwa kina mama ni kamera inayomfuata mhubiri. Na projekta ya kushoto, ile iliyo juu ya safu ya viziwi, ni ya kamera ya pili, inayomwonyesha mkalimani wa lugha ya ishara, mikono na uso, tangu sala ya kufungua hadi baraka. Tuna viziwi 14 wanaokuja kila Jumapili. Baadhi walisoma Nyang'oma kule Bondo, wengine Mumias. Msiniambie wasome maneno ya nyimbo. Mahubiri hayaandikwi kwenye skrini, na kwa wengi wao Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili au ya tatu. Lugha yao ni mikono ya yule dada.

Kwa kazi hiyo kifaa ni kimoja tu, matriksi. Inapokea picha kadhaa kwa pamoja, nawe unachagua ipi iende skrini ipi. Splita ni kitu kingine kabisa. Splita ni kama mrija mmoja uliotobolewa matundu manane: ukimimina maziwa yanatoka maziwa kote, ukimimina chai inatoka chai kote.

Kwotesheni ninayo hapa mezani. Mstari wa tatu: matriksi ya HDMI (ule waya wa picha na sauti wa tivi), matundu 4 ya kuingiza, 8 ya kutoa, shilingi 185,000. Siku ya kukabidhi kazi, fundi aliweka maneno ya wimbo kwenye skrini zote saba. Yakawaka kila mahali, meupe, makubwa. Wazee wakapiga makofi, mwenye hundi akasaini. Hakuna aliyemwambia, "Hebu tuonyeshe picha mbili tofauti kwa wakati mmoja." Mimi nilikuwa nimesafiri kwa mazishi, na hilo linaniuma hadi leo. Kisha akafunga kabati la mitambo kwa kufuli, akaondoka na ufunguo, eti tusije tukaharibu garanti.

Jumapili ya kwanza tu, mkalimani hakuonekana kwenye projekta. Tukipeleka kamera yake, inakwenda kwenye skrini zote, watu wote wanapoteza maneno ya wimbo. Tukirudisha maneno, viziwi wanabaki wakitazama ukuta. Tukampigia fundi. "Mnabonyeza vibaya." Jumapili ya pili: "Huyo kijana wenu hajui kompyuta." Kijana huyo ana miaka 19, anasoma chuo, anakuja saa kumi na mbili asubuhi kupanga nyimbo kabla hata mlinzi hajafungua geti. Wiki ya nne mwenyekiti wa maendeleo alimkaripia mbele ya kwaya nzima. Hajarudi. Nimemtumia ujumbe mara tatu, anajibu "sawa kaka" tu.

Jana Jumamosi nilikata kufuli.

Ndani ya kabati mlikuwa na vumbi na kisanduku cheusi, chembamba kuliko Biblia ya mimbari. Mbele yake imebandikwa karatasi nyeupe iliyochapishwa neno MATRIX, imefunikwa kwa selotepu. Nikaingiza ukucha pembeni, ikabanduka yote. Chini yake, maandishi ya kiwandani: SPLITTER 1x8. Nikakigeuza. Nyuma kuna tundu moja limeandikwa IN na manane yameandikwa OUT. Moja! Kamera na kompyuta zote zimepitishwa kwanza kwenye kiswichi cha kubonyeza kwa kidole, kile cha kubadilishia vifaa kwenye tivi ya nyumbani, kisha zikaingizwa humo. Splita za aina hiyo nimeziona madukani kwa chini ya elfu kumi. Tumelipa 185,000.

Nilikaa sakafuni pale nikiwa na hiyo karatasi mkononi. Kukosea kazi ni jambo la kawaida, kila fundi hukosea. Lakini mtu aliyechapisha neno, akalikata kwa makasi, akalibandika juu ya jina la kweli, huyo alijua anachofanya.

Nikaona basi nikague yote. Kebo ya kwenda roshani inazunguka ukutani mita 32, nayo ni HDMI ya kawaida ya shaba, bila kifaa chochote cha kuisaidia. Picha ya mistari 1080 yenye fremu 60 inabeba karibu gigabiti 4.5 kila sekunde, na waya wa namna hiyo unaanza kuchoka baada ya mita 10 au 15. Kwanza unaona nyota nyeupe zikimetameta kwenye picha, halafu skrini inazima na kuwaka, mwishowe "No Signal". Ndivyo tivi za roshani zilivyo tangu mwezi wa kwanza. Waya wenyewe wameuchimbia ndani ya plasta bila hata paipu, kwa hiyo kuutoa ni kubomoa ukuta uliopakwa rangi juzi.

Ya hemani ndiyo iliyonimaliza. Huko kwenye kwotesheni tuliandikiwa Cat6, kebo ya mtandao, ya shaba tupu, pamoja na vifaa vya HDBaseT vya kupitisha picha kwenye kebo hiyo, ambavyo vikiwa vya daraja zuri hufikisha picha ya 1080 hadi mita 100. Nilikata kipande cha kebo, nikavua ganda, nikachukua uzi mmoja wa ndani nikaukwangua kwa wembe. Juu ni wekundu wa shaba. Mkwaruzo wa pili, nyeupe. Alumini iliyopakwa shaba! Ukiukunja mara nne, tano hivi, unakatika. Alumini inazuia umeme zaidi ya shaba kwa karibu mara 1.6, na kebo ya namna hiyo haikubaliki kabisa kwenye viwango vya Cat6. Halafu umeipitisha nje, juu ya mabati, bila kinga ya radi, hapa Kisumu ambapo ngurumo za ziwani hazituambii zinakuja lini? Kifaa cha kupokea cha hemani kilishaungua mvua za Aprili. Kwa pale nje hata shaba nzuri singeiweka, ningeweka fiba, waya wa kioo unaobeba mwanga, haipitishi umeme.

Nimegundua pia kilichomfukuza yule kijana. Kila skrini ina maelezo yake ndani, EDID, ambayo huvieleza vifaa vingine: mimi naweza kuonyesha picha ya kiwango hiki. Splita nyingi rahisi kama hii yetu huyakusanya, kisha huiambia kompyuta ishushe picha hadi kile ambacho skrini zote zinakubali. Tivi ya chumba cha kina mama ni kuukuu, tuliletewa na muumini, inatangaza mwisho wake ni 720. Sasa kina mama huingia chumbani katikati ya sifa, mtoto akianza kulia. Mama anaiwasha tivi. Papo hapo skrini zote ukumbini zinazima sekunde tatu nne, zinarudi na maneno yamefifia kingo. Na watu 600 wanageuka kumtazama kijana aliye kwenye kompyuta! Leo asubuhi nimejaribu mara tano: washa tivi ya kina mama, ukumbi unazima. Washa, unazima. Mara tano kwa tano. Hakubonyeza chochote yule mtoto wa watu. Nimerekodi video na nimempelekea mwenyekiti. Alama za buluu zimeonekana tangu saa tatu asubuhi, neno la pole hakuna.

Fundi nilimtumia picha ya ile stika jana usiku. Jibu lake nalinakili lilivyo: "Mkitaka system ya kisasa leteni elfu 80 nije niangalie, hiyo bei yenu ilikuwa ya kanisa." Bei ya kanisa! Kisha akaniblock.

Na kikao cha wazee leo baada ya ibada kimechukua dakika 20. Nimeambiwa ndugu huyo ni shemeji ya mtu, tumsamehe, tusipeleke mambo ya madhabahu kwa Kaisari. Mimi nasamehe. Lakini Zakayo aliposhuka kwenye ule mkuyu hakusema pole tu akaendelea na safari, alisema atarudisha mara nne. Sisi hatutaki hata mara nne, tunataka kile kilichoandikwa kwenye mstari wa tatu. Katiba ya 2010 kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa na huduma zenye ubora unaofaa, na fidia zikiwa na kasoro. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara. Na mahakama ya madai madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Sisi tuko chini ya hapo. Kwotesheni tunayo, risiti tunazo, stika ninayo kwenye bahasha.

Ninachohitaji kwenu, hasa mlio Kisumu, Kakamega, Busia, Nakuru, ni hiki. Aliyewahi kudai pesa kwa fundi wa mitambo kupitia mahakama hiyo aniambie walikubali ushahidi gani, na kama tulipaswa kutoa ilani ya maandishi kwanza. Pia, kwa mita 32 za roshani, je, nivute koaksio (waya kama ule wa antena) na vifaa vya SDI, mfumo wa picha wa vituo vya televisheni, au Cat6 ya shaba na HDBaseT? Moyo wangu uko kwa SDI, kwa sababu kichwa chake kinazungushwa kikafunga, mtoto hawezi kukichomoa kwa mguu. Ila sijaiona ikifanya kazi kwenye ukumbi wa zege wenye feni kumi na mbili na jenereta moja.

Nyongeza, saa nne usiku. Nimesoma majibu yote, asanteni. Anayesema "mngejua mapema, mnapenda rahisi", kaka, kwotesheni yake haikuwa rahisi, ilikuwa ya pili kwa ukubwa kati ya tatu. Anayeuliza kwa nini mkalimani asisimame tu mbele ya viziwi, ndivyo tulivyofanya leo. Dada huyo amesimama juu ya kigoda cha plastiki kilichoazimwa jikoni, kwa muda wa saa mbili na dakika 40, ili safu ya nyuma iweze kuona mikono yake. Mara mbili kigoda kimeteleza kwenye vigae. Mama mmoja kiziwi, mtu mzima, ameacha kutazama mahubiri, ameinuka na kwenda kukishika kile kigoda kwa mikono miwili, akakaa hivyo hivyo amechuchumaa hadi mwisho. Ukishika kigoda huwezi kutazama juu. Kwa hiyo yeye leo hakupata hata neno moja.

Jumamosi tunafungua dari kuanzia saa mbili asubuhi. Aliye na kipima kebo cha kweli, siyo kile cha taa nane, aniandikie inbox, nauli nitamlipa mimi.