Ukoo wa Ngamiani: Anko Rama kafiwa

*Jumanne, 22 Julai 2025*

Juma wa Birmingham: Salaam aleikum wote. Anko Rama uko macho? Kaa chini kwanza

Anko Rama: waaleikum salaam nimeshakaa, kuna nini, mtoto mzima?

Juma wa Birmingham: Mtoto mzima wa afya. Ozzy kafariki. Familia yake ndo wametoa taarifa sa hivi, kaondoka leo asubuhi wenyewe wakiwa pembeni yake

Anko Rama: *Ujumbe huu umefutwa*

Anko Rama: acha masihara Juma

Shangazi Mwanaidi: Inna lillahi wa inna ilaihi rajiun. Ozzy ndo nani? Mtoto wa nani huyo, wa kule Pongwe?

Zai: Shangazi jamani 😭 ni yule mwanamuziki wa roki wa Anko, yule wa kwenye fulana nyeusi

Shangazi Mwanaidi: Yule aliyezaliwa Unguja?

Zai: Huyo ni Freddie Mercury Shangazi, kafa 1991 mi hata sijazaliwa

Shangazi Mwanaidi: Basi mi wazungu wa makelele wote nawaona mmoja

Anko Rama: Freddie sio mzungu, ni Mparsi, wenye asili ya India. Na huyu alieondoka leo ni Ozzy Osbourne, mwimbaji wa bendi ya Black Sabbath, miaka 76

Salim Dar: Si ndo yule aliyekula popo? 😂😂

Anko Rama: Salim usinianze. hakula, aling'ata kichwa, 1982 huko Des Moines Marekani, shabiki kamrushia jukwaani yeye akajua ni popo wa mpira wa kuchezea, kuja kushtuka ni popo kweli, akapelekwa kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa. mtu kaimba zaidi ya miaka hamsini nyie mnakumbuka popo tu

Salim Dar: Pole Anko, nilikua natania

Anko Rama: nilimwona juzi juzi hapa. tarehe 5 mwezi huu huu, kwenye tamasha lake la kuaga uwanja wa Villa Park, nimelipia bando la intaneti la kutosha na mke wangu akanuna, mzee wa watu kashashindwa kusimama sababu ya ugonjwa wa Parkinson, kawekwa kwenye kiti kikubwa cheusi kama cha sultani, anaimba amekaa, na pale kwenye ule wimbo wa kumwambia mama narudi nyumbani sauti ikawa inakatika, uwanja mzima ukambebea. siku 17 tu hizi jamani. alikuja kuaga na sisi tukapiga makofi

Juma wa Birmingham: Tiketi zile Anko niliingia mtandaoni nikute zimeisha. Ila siku yenyewe nilikua nje, mitaa yote ya Aston imejaa wazee wenye ndevu nyeupe na fulana nyeusi, wanalia kama watoto. Na nyumba aliyokulia iko karibu na hapo, Lodge Road, kinyumba kidogo cha kuungana, vyumba viwili vya kulala na watoto walikua sita. Sasa hivi mtaa una Wapakistani wengi, adhana inasikika

Dada Halima: Mi namlilia Rama sio huyo Ozzy. Nyie wadogo hamjui. Rama alikatwa na msumeno wa mashine kazini 1994, ncha za vidole viwili mkono wa kushoto, ule wa kubonyeza nyuzi, na ndo kwanza alikua kanunua gita. Akakaa kibarazani miezi haongei na mtu

Zai: Hii sijawahi kuisikia mama??

Dada Halima: Ndo uisikie. Marehemu kaka akamletea kanda ya hao Sabbath kutoka melini, na akamwambia habari za mpiga gita wao. Rama malizia mwenyewe

Anko Rama: Tony Iommi. alikua na miaka 17, kiwandani huko huko Birmingham, siku yake ya mwisho kazini kabisa, mashine ya bati ikaondoka na ncha za vidole viwili. yeye anapiga kwa kushoto kwahiyo ilikua mkono wa kulia ndo unaobonyeza nyuzi. madaktari wakamwambia gita sahau. msimamizi wake wa kazi akamletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, ambae nae vidole viwili vilikua vimekufa kwa moto na bado anapiga. Tony akayeyusha chupa ya sabuni ya vyombo akatengeneza vikofia vya vidole, akatafuta nyuzi nyembamba, baadae akazilegeza ili zisimuumize, na ule mlio mzito mnaouita makelele sehemu kubwa umetokea hapo

Dada Halima: Na huyu nae akachukua mshumaa na chupa ya sabuni yangu, sabuni bado imo ndani!! Nyumba nzima ikanuka plastiki wiki nzima, mama anasema Rama kaingiwa na kitu

Shangazi Mwanaidi: Kumbe. Mi nakumbuka tu ile harufu, nikajua ni kibanda cha jirani kinaungua

Anko Rama: cha kwanza kiliniunguza. cha nne ndo kikakaa

Salim Dar: Anko samahani kwa ile ya popo

Anko Rama: imepita. ila mjue Ozzy mwenyewe nae hakutoka pazuri, kafanya kazi machinjioni, kaiba nguo akafungwa wiki kadhaa kwasababu baba yake aligoma kumlipia faini ili apate akili. sio shetani kama mnavyoambiwa, ni mtoto wa maskini aliyepata maiki

*Jumatano, 30 Julai 2025*

Juma wa Birmingham: Anko niko Broad Street. Nimeomba ruhusa kazini nimesema nina msiba, sikudanganya

Juma wa Birmingham: 📷 Picha

Juma wa Birmingham: Watu hawahesabiki. Gari la maiti linakuja taratibu, jina lake limeandikwa kwa maua ya zambarau pembeni, na mbele kuna matarumbeta yanapiga nyimbo za Sabbath

Shangazi Mwanaidi: Matarumbeta msibani? Kama harusi ya Chumbageni?

Juma wa Birmingham: Kama harusi kabisa Shangazi. Watu wanaimba jina lake huku wanalia. Sasa mkewe Sharon kashuka na watoto hapa darajani penye benchi la Black Sabbath, anayasoma makaratasi ya watu, kashikiliwa asianguke. Kanyoosha vidole viwili juu kama alivyokua anafanya mumewe

Dada Halima: Maskini, mke ni mke

Anko Rama: Juma kuna maua yanauzwa hapo

Juma wa Birmingham: Nimeshanunua Anko. Niandike nini kwenye kadi?

Anko Rama: *inaandika...*

Zai: Anaandika tangu saa tisa na nusu jamani

Anko Rama: andika Rama, seremala, Ngamiani Tanga. vidole nane na vikofia viwili

Juma wa Birmingham: 📷 Picha

Juma wa Birmingham: Nimeweka pale benchini, upande wenye sura ya Tony

Shangazi Mwanaidi: Rama, chai ipo na mandazi, mlango nimeuacha wazi. Njoo na hilo gita ila usilichomeke kwenye umeme